Mtoto Huandaliwa Safari Tangu Mgongoni

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Maneno haya tumeyasikia mara nyingi. Lakini je, umewahi kujiuliza unamlea mtoto wako ili aweze kufanya nini? Wengine watajibu, ili atusaidie kazi. Wengine watasema, ili atutunze uzeeni. Majibu hayo ni ya kweli. Mimi naongeza moja. Tunamlea mtoto ili siku moja aondoke nyumbani bila kupotea. Ataondoka kwenda shule, kwenda kazini au kwenda kuanza nyumba yake. Hata yule atakayejenga karibu na sisi, siku moja atasimama bila sisi.

Mimi ni mkulima wa pamba na mahindi. Kijiji chetu kiko karibu na stesheni ya Malampaka, Wilaya ya Maswa. Siku hizi wilaya hiyo iko katika Mkoa wa Simiyu. Nina watoto wanne. Mume wangu ni Mha. Alikuja huku Usukumani akiwa kijana kutafuta kibarua cha pamba, akabaki. Wazazi wake walikuwa wakiishi mkoani Kigoma. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache, tukishauza pamba, tulifunga safari kwenda kuwasalimu. Watoto wangu wamekua katika safari hizo. Nataka nikueleze jinsi walivyokua, na jinsi tulivyowaandaa. Huenda nawe una mtoto ambaye siku yake ya kuondoka inakaribia.

NJIA YETU

Reli ya kutoka Mwanza hupita Malya, Malampaka, Seke, Shinyanga, Isaka na Bukene, kisha hufika Tabora. Tabora ni njia panda. Hapo reli ya Mwanza hukutana na Reli ya Kati inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Wazee wetu wengi walifanya kibarua katika reli hizo.

Kutoka Tabora hadi Kigoma peke yake ni zaidi ya kilomita 400. Sisi tulipanda garimoshi Malampaka, tukashuka Tabora, tukangoja garimoshi la Kigoma. Mara nyingine tulilala stesheni. Kwa mtu mwenye mtoto mdogo, safari hiyo si mchezo.

MTOTO WA MGONGONI

Safari ya kwanza ilikuwa mwezi Agosti 1999. Mtoto wangu wa kwanza, msichana, alikuwa na miezi 5. Wakati huo sikujua kusoma. Niliacha shule nikiwa darasa la tatu, nikakaa nyumbani kulea wadogo zangu, na herufi zote zikanitoka. Tiketi yetu alitusomea abiria mwingine. Alituonyesha namba ya behewa na namba za viti.

Mtoto wa miezi 5 hana mzigo mkubwa. Chakula chake ni maziwa ya mama. Mpaka afikishe miezi 6 hahitaji uji wala maji, hata kama kuna joto. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Wanawake wenzangu ndani ya behewa walitaka nimpe maji ya chupa. Walikuwa na nia njema. Lakini mwuguzi wa kliniki alikuwa amenieleza kwamba maji machafu ndiyo huwaletea watoto wachanga kuharisha. Nilimnyonyesha kila alipotaka, mchana na usiku. Tulifika salama.

Kitu cha pili nilichobeba ni kadi yake ya kliniki. Kadi hiyo ni kama cheti cha safari cha mtoto. Humo imeandikwa siku aliyozaliwa, uzito wake wa kila mwezi na chanjo alizopata. Ukiwa na kadi, unaweza kumpeleka mtoto katika zahanati yoyote nchini. Mwuguzi ataisoma na kujua mtoto amekwisha kupata nini, na bado nini. Siku hizi chanjo ya surua hutolewa mara mbili. Ya kwanza mtoto akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Msafiri asiseme, "Tutachanja tukirudi." Surua haingoji mtu arudi.

Kitu cha tatu ni chandarua chenye dawa. Ukiwa mgeni ugenini unaona haya kuomba chandarua. Beba chako.

Na kama mtoto akiharisha njiani? Usimwachishe kunyonya. Mpe maji ya chumvichumvi za pakiti, yale yanayotolewa zahanati. Pakiti nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini nyingine huchanganywa na nusu lita. Kwa hiyo soma maandishi ya pakiti kwanza. Ukimwona mtoto amelegea, macho yameingia ndani, au anaharisha damu, usingoje mwisho wa safari. Mpeleke kwa mganga wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.

Nilipofika Kigoma, mama mkwe alimpokea mjukuu wake na kuomba kadi. Akaisoma mwenyewe, polepole, kwa kufuatisha kidole. Nilishangaa. Aliniambia kwamba alijifunza kusoma katika kisomo. Ni baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Yeye alikuwa na watoto watatu wakati huo. Akasema, "Mkwe wangu, mwenye watoto hana budi kusoma. Karatasi za watoto ni nyingi." Mwaka uliofuata niliingia kisomo kijijini kwetu. Tulisoma alasiri katika darasa la shule ya msingi, baada ya watoto kutoka.

MTOTO WA KUSHIKWA MKONO

Safari ya pili ilikuwa mwaka 2003. Binti yangu alikuwa na miaka 4. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka 2, naye ndiye aliyekaa mgongoni. Safari hiyo tiketi niliisoma mwenyewe.

Mtoto wa miaka 4 ana miguu, lakini hana njia. Atafuata kila kinachong'aa. Kwa hiyo kabla ya safari tulimfundisha mambo manne. Jina lake. Jina la baba yake. Jina la mama yake, maana watoto wengi humjua mama kama "mama" tu. Na jina la kijiji chetu na stesheni yetu. Tulimfundisha jioni, wakati wa kupukuchua mahindi, kama mchezo. Baba yake anauliza, yeye anajibu. Akikosea tunacheka, tunaanza tena. Wiki mbili zilitosha.

Tulipofika Tabora watu walikuwa wengi. Wa Mwanza walikuwa wanashuka, wa Kigoma wanagombea kupanda. Umati ulitusukuma. Mume wangu alikuwa ameshika magunia, mimi nina mtoto mgongoni. Nilisikia mkono wa binti yangu ukichomoka katika mkono wangu kama samaki. Nilipogeuka hakuwepo.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kupotelewa na mtoto, omba usipotelewe. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mume wangu aliacha magunia pale pale akakimbilia upande mwingine. Haikupita nusu saa, lakini kwangu ilikuwa kama msimu mzima.

Mama mmoja muuza maembe ndiye aliyemwokota. Alimkuta amesimama kando ya ukuta. Hakulia. Alipoulizwa alijibu kwa sauti jina lake, jina la baba yake, jina langu, na "Malampaka." Yule mama akamshika mkono, akazunguka naye akiita jina la mume wangu. Ndivyo tulivyompata. Nilitaka kumlipa yule mama akakataa. Alisema, "Huyu mtoto amejiokoa mwenyewe. Mimi nilimpa mkono tu."

Tangu siku hiyo watoto wangu wote nimewafundisha mambo hayo manne kabla ya kufikisha miaka 4. Siku hizi tumeongeza jambo la tano, namba ya simu ya baba au mama. Mtoto anaweza kuijua kwa kuiimba.

MTOTO WA KUBEBA MZIGO WAKE

Mwaka 2008 tulisafiri tena. Binti alikuwa na miaka 9, mdogo wake miaka 7. Wa tatu, wa kike, alikuwa na miaka 2. Safari hiyo niliweka sharti. Kila mwenye miguu abebe mzigo wake. Binti alifunga nguo zake katika kitambaa, na mdogo wake akafunga zake. Nilipotaka kuwasaidia, mume wangu alinizuia. Alisema, "Waache. Akisahau shati, atakumbuka mwaka ujao." Kweli, kijana alisahau shati. Alikaa Kigoma wiki mbili na mashati mawili, akiyafua kwa zamu.

Ndani ya behewa walikaa dirishani. Kila stesheni walisoma kibao. Mkubwa alisoma moja kwa moja. Mdogo alisoma kwa silabi: I-sa-ka. Bu-ke-ne. Ta-bo-ra. Nami nilisoma pamoja nao, kimya kimya, kuona kama nitawatangulia. Mara nyingine niliwatangulia.

Katika safari kama hiyo mtoto hujifunza nchi yake bila kitabu. Tabora aliona asali na maembe. Uvinza aliona chumvi, akaelewa kwamba chumvi nyingine haitoki baharini. Huko hutolewa katika maji ya chumvi yanayotoka ardhini. Kigoma aliona Ziwa Tanganyika, dagaa na mafuta ya mawese. Tulimpa binti shilingi 2,000 anunue ndizi na kurudisha chenji. Alihesabu mara mbili mbele ya mwuzaji. Mwuzaji alicheka, lakini chenji ilikuwa sawa.

Kwa bibi yao walikaribishwa kwa furaha. Lakini mnajua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu bibi aliwaita wote wawili. Akawapa ndoo, wa kike na wa kiume. Kijana alisema, "Bibi, kuchota maji ni kazi ya dada." Bibi akamwuliza, "Wewe hunywi maji?" Kijana akachukua ndoo. Swali hilo la bibi lilikuja kutusaidia baadaye, kama nitakavyokueleza.

Bibi aliwafundisha pia kuamkia kwa Kiha. Nyumbani waliamkia kwa Kisukuma, shuleni kwa Kiswahili, na kwa bibi kwa Kiha. Mtoto mwenye salamu tatu hakosi pa kulala.

SIKU YA KIKAO

Sasa nifike kwenye jambo zito. Mwaka 2012 binti yangu alimaliza darasa la saba. Mwezi Desemba matokeo yalitoka. Alichaguliwa kwenda shule ya bweni mkoani Tabora. Tulifurahi kwa siku moja. Siku ya pili tulianza kuhesabu.

Wakati huo nilikuwa nimejifungua mtoto wa nne, ana mwezi mmoja. Mvua zilikuwa zimeanza na shamba lilikuwa linangoja. Binti ndiye aliyekuwa mkono wangu wa kulia. Ndipo kaka yangu alipokuja. Alikaa, akanywa uji, akasema alichokuja nacho. Kuna familia ya heshima inamtaka binti. Wako tayari kutoa ng'ombe 12.

Msomaji, usimhukumu kaka yangu haraka. Hakuja kwa ubaya. Alisema mambo matatu. La kwanza, ng'ombe 12 wangetutoa katika nyumba ya nyasi na kutuweka katika nyumba ya bati. La pili, shule ni fedha, na bei ya pamba haitabiriki. La tatu aliuliza, "Dada, una mtoto mchanga. Huyu akienda Tabora, nani atakuchotea maji?" Swali hilo lilinigusa, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Mume wangu hakujibu siku ile. Alisema tukae kikao cha nyumba nzima, na watoto wawepo. Kaka alishangaa kusikia watoto wawepo. Tulikaa jioni iliyofuata. Mimi nilishika kalamu na daftari. Tuliandika mahitaji yote ya shule. Ada ya bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Tuliongeza tranka, godoro, sare, viatu, madaftari na nauli. Jumla ilifika shilingi 260,000. Halafu tuliandika tulichonacho. Fedha ya pamba iliyobaki ni shilingi 150,000. Mbuzi wawili wangeleta shilingi 90,000. Jumla shilingi 240,000. Pungufu ni shilingi 20,000.

Kabla ya kuandika, deni lile lilikuwa kama mlima. Baada ya kuandika, tuliona ni shilingi 20,000. Mume wangu akasema ataitafuta kwa kufyatua matofali.

Likabaki swali la maji. Palikuwa kimya. Kisha mtoto wangu wa pili, kijana wa miaka 11, alisema, "Nitachota mimi. Hata mimi nakunywa." Nadhani mwenyewe hakujua kwamba anarudisha maneno ya bibi yake.

Mwisho mume wangu alimgeukia binti akamwuliza, "Wewe unasemaje?" Binti alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema, "Baba, nataka kwenda. Lakini mama akiumwa, nitafutwe." Hakusema zaidi. Mume wangu akamwambia kaka yangu, "Shemeji, tunawashukuru wale watu. Mtoto huyu bado ni mwanafunzi." Kaka yangu aliaga kwa heshima, lakini hakula.

YAFAA UJUE SHERIA

Wakati ule Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Binti yangu hakuwa amefikisha hata miaka 14. Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo, kwamba umri uwe miaka 18 kwa msichana na mvulana. Pia mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa jela miaka 30.

Kuhusu ada, kuanzia mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa katika shule za serikali. Sare, madaftari na nauli bado ni kazi ya mzazi. Na mwaka 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya kujifungua warudi kusoma. Kwa hiyo kama kuna binti wa namna hiyo nyumbani kwako, mlango haujafungwa. Nenda ukamwone mwalimu mkuu.

MTOTO ANAYEONDOKA

Mwezi Januari 2013 tulimfungia mzigo. Kabla ya hapo nilikaa naye peke yetu, siku tatu mfululizo, wakati wa kupalilia. Nilimweleza habari za mwili wake na hedhi, na namna ya kujisafi. Nilimshonea vitambaa vya kutosha. Nilimweleza juu ya wanaume wanaotoa chipsi, soda na lifti. Nilimwambia, "Anayekupa kitu kwa siri ataomba kitu kwa siri." Nilimwambia pia kwamba akipatwa na jambo lolote baya, aje kwetu kwanza. Tutasikia kwanza, hasira baadaye. Akina mama wengi tunaona haya kusema mambo haya. Lakini tusiposema sisi, yuko mwingine atakayesema, na huenda asiseme kwa wema.

Baba yake ndiye aliyempeleka. Walikwenda mpaka Shinyanga, wakapanda basi la Tabora linalopita Nzega. Mimi nilibaki na mtoto mchanga. Asubuhi ile nilimsindikiza mpaka barabarani. Tranka alibeba kichwani mwenyewe. Nilitaka kumpokea, akakataa. Gari lilipoondoka nilisimama mpaka vumbi likatulia. Kisha nilirudi nyumbani, maana mtoto alikuwa analia na maharage yalikuwa jikoni.

Sitakuficha, miezi ile ya kwanza ilikuwa migumu. Nilikuwa nikiita jina lake kwa mazoea, kisha nakumbuka. Kijana alichota maji kweli, ingawa wenzake walimcheka kisimani. Mara mbili alirudi na ndoo tupu na uso umevimba kwa ugomvi. Mara ya tatu baba yake alibeba ndoo, wakaenda wote wawili kisimani mchana kweupe. Kicheko kikaisha.

Shuleni wanafunzi hawakuruhusiwa kuwa na simu. Kwa hiyo tuliandikiana barua. Barua yake ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Niliisoma mwenyewe kwa muda wa saa nzima. Aliandika kwamba chakula ni kidogo, Kiingereza ni kigumu, na analala kitanda cha juu. Nilijibu kwa kurasa moja na nusu. Ilikuwa barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Kama ningekuwa sijui kusoma, maneno ya mwanangu yangepita kwanza katika kinywa cha mtu mwingine. Je, angeniandikia kila kitu?

Likizo ya Juni alirudi. Kaka yangu alikuja kutusalimu. Hakutaja habari za ng'ombe. Alipokuwa anaaga alitoa karatasi mfukoni, stakabadhi ya pamba yake. Akampa binti na kusema, "Hebu nisomee, mjomba. Nahisi kilo zimepungua." Binti alisoma, akajumlisha. Kilo zilikuwa sawa, lakini kwenye fedha palikuwa na kosa la kujumlisha. Kaka alirudi kwa karani na kosa likasahihishwa. Tangu hapo kila msimu anauliza, "Mwanafunzi anarudi lini?"

WATOTO HAWAFANANI

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba watoto wangu wote wamepita njia moja. Binti wa kwanza alimaliza kidato cha nne, akasomea uuguzi. Sasa anafanya kazi katika zahanati, mbali na hapa. Anapima watoto wa wenzake na kuandika kadi zao. Simu yake huja Jumapili jioni. Ameolewa, kwa hiari yake na kwa umri wake.

Kijana hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alilia, nasi tuliumia. Wapo waliosema amepotea. Baba yake alimpeleka kwa fundi wa pikipiki, akajifunza miaka miwili. Leo ana banda lake karibu na stesheni, na ndiye anayelima nami msimu wa mvua. Mke wake anamshangaa kwamba anajua kupika. Wa tatu amemaliza kidato cha nne na anajifunza ushonaji. Wa mwisho, yule aliyekuwa mchanga siku ya kikao, sasa ana kimo cha kunifikia begani na zaidi.

Nimejifunza kwamba watoto hawapimwi kwa kibaba kimoja. Mmoja huenda mbali, mwingine hukaa karibu. Wote wanahitaji kuandaliwa. Anayebaki nyumbani naye ni msafiri. Anatoka katika mkono wa mama na kuingia katika mikono yake mwenyewe.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI KWAKO

Mtoto akiwa mgongoni, mpeleke kliniki kila mwezi na tunza kadi yake mahali pakavu.

Akiwa na miaka 3 au 4, mfundishe jina lake, la baba, la mama na la kijiji.

Akianza shule, mpe mzigo mdogo wa kubeba na kazi ndogo ya kukamilisha. Mpe wa kike na wa kiume sawasawa.

Akijua kusoma, mwache akusomee. Nawe msomee. Soma naye vibao vya barabarani, tiketi, pakiti za dawa na stakabadhi.

Akianza kubalehe, zungumza naye kabla wengine hawajazungumza.

Siku ya uamuzi mkubwa, itisheni kikao. Andikeni hesabu kwenye daftari. Mwulizeni mtoto naye anasemaje.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji muda wa jioni, wakati wa kupukuchua mahindi au kuchambua mboga. Basi leo jioni, kabla hujazima taa, mwite mtoto wako mdogo kuliko wote anayeweza kusema. Mwulize, "Baba yako anaitwa nani? Mama yako anaitwa nani? Kijiji chenu kinaitwaje?" Asipojua, usimkaripie. Mwambie, kisha kesho mwulize tena.